Ng'ombe wa Pembeni

Katika soko la mifugo la Kajiado, Parmuat alijulikana kama dalali mwenye macho ya uongo, na kwa kazi yake hiyo ilikuwa sifa. Dalali akimtaka ng'ombe fulani hamtazami. Humpita kana kwamba amepita ukuta. Humwendea yule aliyesimama pembeni, mnyonge mwenye mbavu za kuhesabika, akamshika nundu, akamfungua mdomo akakagua meno, akauliza amelishwa wapi, ana umri gani, mbona anaonekana ana mawazo mengi. Maswali yakimwishia, na akiwa ameshageuza mgongo kama mtu anayekwenda zake kunywa chai, ndipo huuliza bila haraka, "Na huyu mwingine? Anauzwa, ama amekuja tu kusindikiza mwenzake?"

Muuzaji naye si mjinga. Anajua kwamba ng'ombe anayeulizwa siye anayetakiwa, na dalali anajua kwamba muuzaji anajua. Hata hivyo ni lazima wote wawili waizunguke njia hiyo ndefu kwa adabu, kwa sababu mtu akija moja kwa moja akasema namtaka huyu, watu watamdhania mgeni, au mlevi, au mtu wa mradi wa wafadhili. Parmuat alizaliwa hukohuko kwenye njia ndefu. Babake alikuwa dalali, na babu yake vilevile, na sidhani kama kuna mtu katika ukoo ule aliyewahi kuomba chumvi mezani bila kwanza kuulizia kikombe.

Shida ni kwamba tabia ya sokoni haikubaki sokoni. Ilimfuata Parmuat mpaka mjini. Akiingia hotelini na hamu ya nyama, aliulizia githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na wahudumu wakamletea githeri, sahani imejaa, na yeye akala kwa uchungu. Siku aliyotaka kununua simu mpya aliulizia redio. Muuzaji alikuwa kijana wa Kitengela asiyejua lolote kuhusu ng'ombe, na kabla Parmuat hajafika kwenye swali la huyu mwingine, redio ilikuwa imeshafungwa kwenye mfuko. Anayo mpaka leo, na inashika vizuri sana.

Redio si kitu. Mambo yalikuwa mabaya zaidi upande wa ndoa. Rika lake lote lilikuwa na watoto wa shule, na yeye alikuwa na redio. Wasichana aliowapenda kwa miaka yote hiyo waliolewa na watu wengine, mmoja baada ya mwingine, huku yeye akiwauliza kwa bidii habari za dada zao. Parmuat aliamini kwa moyo wake wote kwamba walikuwa wameelewa na wakamkataa. Kila mara aliumia, akanyamaza, akarudi sokoni kukagua meno.

Halafu akamwona Nyakio.

Nyakio alifuga kuku wa mayai pale Isinya, kwenye ploti ambayo familia yake ilinunua walipohama kutoka Nyeri. Alikuwa mwanamke wa sauti nene na kicheko cha upesi, na alivaa gamubuti za mpira za manjano hata siku ya jua kali. Parmuat alisimama kwake siku moja kununua mayai, na alipomwona amebeba trei nyingi mikononi huku akimfukuza jogoo kwa mguu, moyo wake ulimwambia waziwazi kwamba hapa ndipo mwisho wa safari. Kwa hiyo hakumtazama. Hakuyatazama hata mayai. Alitazama rundo lililokuwa nyuma ya banda, akauliza, "Hiyo mbolea ya kuku iko vipi?"

Sasa, katika biashara ya mayai mtu akitaka trei husema trei. Nyakio alifurahi, maana mbolea ilikuwa imemjaa pale. Alijaza gunia, akalishona, akamsaidia kulipakia. Hivyo ndivyo Parmuat, mtoto wa wafugaji, ambaye boma lao lina samadi ya tangu enzi za babu, alivyorudi nyumbani amebeba gunia la mavi ya kuku kutoka Isinya. Mamake alilizunguka lile gunia mara kadhaa. Mwishowe alimuuliza kwa upole kama anajisikia vizuri.

Alirudi tena Isinya kwa mbolea nyingine, na tena. Mara ya tatu, Nyakio alipokuwa anashona gunia, alimwambia kwamba Jumatano mchana atafunga mapema. "Niko na class ya English huko Kitengela, kwa ukumbi wa kanisa. Kuna hoteli wanataka mayai, na huyo manager haongei Kiswahili hata ya kusalimia. Nimechoka kumwonyesha yai kwa mkono kama bubu."

Parmuat aliondoka na wazo kubwa. Aliwaza hivi: kwa Kimaasai amenunua ng'ombe tangu utotoni, na kwa Kiswahili pia, kwa hiyo ulimi wake umeharibika katika lugha zote mbili. Hauwezi kusema nakitaka hiki. Lakini kwa Kiingereza hajawahi kununua hata mbuzi. Kiingereza chake kilikuwa bado safi, hakijaingia sokoni. Huenda akijifunza kusema kwa Kiingereza kwamba mtu amemvutia, ulimi utasema kweli kabla haujagundua kinachoendelea. Ninakiri kwamba nimesikia mawazo ya kijinga zaidi kutoka kwa watu waliosoma zaidi.

Jumatano iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika.

Mwalimu aliitwa Omolo, mzee mstaafu, mwembamba, mwenye tai na baiskeli. Baiskeli hiyo aliiingiza mpaka ndani ya ukumbi na kuiegemeza ukutani chini ya picha ya mchungaji, kwa sababu hakuwaamini watu wa Kitengela. Ilikuwa nzee kiasi kwamba hakuna ambaye angeiiba, lakini hilo hakuna aliyethubutu kumwambia. Mwalimu Omolo alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kwamba alisikia sentensi lakini hakusikia maana. Ungemwambia kwa Kiingereza kizuri kwamba nyumba yake inawaka moto, angekupongeza kwanza.

Muhula huo alikuwa anafundisha namna ya kumwonyesha mtu kwamba una hamu ya kujua jambo. Aliandika ubaoni kwa mwandiko wa kupendeza: I am interested in. I am curious about. I would love to know more about. I have been wondering. Akageuka, akafuta chaki mikononi. "Haya si maneno ya kukariri," alisema. "Haya ni maneno ya moyo. Mtu anayesema I am interested huku anafikiria chakula cha jioni, huyo anasema uongo kwa sarufi nzuri. Geukeni kila mmoja kwa jirani. Mwambie kitu ambacho kweli unataka kukijua. Kweli kabisa."

Jirani wa Parmuat alikuwa Nyakio. Parmuat alikuwa amejipanga tangu saa ya chakula cha mchana kuhakikisha jambo hilo. Aligeuka. Nyakio naye aligeuka, akamtazama kwa macho ya kungoja, na harufu ya sabuni ikamfikia. Parmuat alifungua mdomo, na hapo macho yake, bila kumwomba ruhusa, yakaondoka yakaenda zake. Yalipita juu ya bega la Nyakio yakatua kwenye kiti cha pembeni.

Kwenye kiti hicho alikuwa Purity. Purity aliuza dawa za mifugo katika agrovet moja ya Kitengela, msichana mrefu, mwenye maneno mengi na moyo mwema, na Parmuat alimjua kama mtu anavyomjua anayemuuzia dawa ya kupe. Hakuwa na neno naye, zuri wala baya.

"I would love to know more about Purity," alisema Parmuat.

"Sahihi," alisema Mwalimu Omolo aliyekuwa anapita. "Sahihi kabisa."

Nyakio aliinua nyusi, akatabasamu kidogo, akamweleza. Purity ni mtu wa Kisaju, anapenda kuimba, anaishi na shangazi yake. Parmuat alimsikiliza huku damu ikimwenda mbio. Mnaweza kumcheka, lakini yeye alijiona amefanya kitendo cha ujasiri usio na kifani. Alikuwa amemuuliza Nyakio, uso kwa uso, habari za mtu aliyekaa karibu naye kabisa. Kwa mtu yeyote mwenye akili za soko, aliwaza, hiyo ni sawa na kupanda juu ya paa na kupiga kelele.

Wiki iliyofuata alisonga mbele zaidi. "I am curious about Purity's family." Na iliyofuata, "I have been wondering whether Purity likes cows." Mwalimu Omolo alimpenda sana. Alimtolea mfano mbele ya wengine, akasema huyu mzee wa ng'ombe hajakosea hata mara moja, na kweli hakuwa amekosea. Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mtu yeyote darasani.

Nyakio alijibu yote kwa uaminifu. Mwanzoni alikuwa akimletea mayai ya kuchemsha kwenye kikaratasi pamoja na chumvi, wakila wote kabla ya somo. Kisha mayai yakakoma. Sauti yake nene ikawa nyembamba, na majibu yakawa mafupi. "Ndiyo, anapenda ng'ombe." "Hapana, hana mtu." Siku moja alimwambia bila kumtazama, "Wewe unampenda sana huyo Purity, eh," na akageukia dirishani.

Parmuat alimsimulia hayo rafiki yake Lemayian, dalali mwenzake, wakiwa wameegemea uzio wa soko.

"Amenuna?" Lemayian aliuliza.

"Amenuna kabisa. Hata ananijibu vibaya."

"Basi umemaliza kazi, ndugu yangu. Muuzaji akinuna ameshakubali, anaona tu aibu."

"Hivyo ndivyo nilifikiria pia," alisema Parmuat, na wote wawili wakatikisa vichwa kwa hekima.

Siku ya soko, wiki ya mwisho ya muhula, Parmuat alikuwa katikati ya kazi. Alikuwa amemwona fahali mwekundu, mgongo umenyooka, kifua kipana, na alimtaka mpaka meno yakamuuma. Kwa hiyo alikuwa amechuchumaa mbele ya fahali mwingine mwenye pembe iliyovunjika, anamuuliza mzee mwenye mali maswali kuhusu pembe hiyo. Ilivunjikaje? Ilimuuma sana? Alipoinua kichwa aliona gamubuti za manjano.

Nyakio alikuwa amesimama karibu na Lemayian, anatazama. Parmuat alimwona akiuliza kitu, na Lemayian akimweleza kwa mikono, akimwonyesha yule wa pembe, halafu yule mwekundu, halafu tena yule wa pembe. Uso wa Nyakio ulibadilika taratibu. Alimtazama Parmuat, akamtazama fahali mwekundu, akauliza tena, Lemayian akaeleza tena. Ndipo Nyakio alipoziba mdomo kwa mkono, akakaa chini pale kwenye ngazi ya kupakilia mifugo, na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu.

Parmuat alimaliza haraka. Aligeuza mgongo, akaulizia yule mwingine, wakaelewana, akamwendea Nyakio.

"Supa, Parmuat," Nyakio alimsalimia kwa Kimaasai, anajifuta macho.

"Epa. Unalia?"

"Ni vumbi. Nimekuletea habari." Alikohoa, akajikaza uso kama mwalimu wa shule ya Jumapili. "Umeniuliza maneno ya Purity karibu muhula mzima. Sasa mimi si jiwe, nikamwambia. Na yeye akamwambia shangazi yake. Na shangazi amefurahi sana. Jumamosi unangojwa Kisaju na wazee wako. Mbuzi ameshachaguliwa."

Mzee wa mafahali, aliyekuwa anafungua kamba, aliacha kufungua ili asikie vizuri.

"Nani ananingoja?"

"Purity. Si ndiye unataka?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Hata mimi ninayesimulia ningependa kumsukuma mgongoni. Alikuwa na maneno mawili ya Kiswahili, moja ni siye, lingine ni wewe, na yangetosha. Lakini alikuwa sokoni, katikati ya madalali wenzake, miguu yake imekanyaga ardhi ileile ambayo hajawahi kusemea ukweli. Ulimi wake ulizunguka mara moja ukatafuta kitu kilichosimama pembeni.

"Na kuku wako," alisema, "hawajambo?"

Nyakio alimwangalia, na macho yake hayakuwa na kicheko tena. "Kuku hawajambo. Lakini sikia, Parmuat. Kesho ni class ya mwisho. Kila mtu atasimama aseme kitu anataka kujua kweli. Mimi nitakuwa hapo. Purity atakuwa hapo. Na Jumamosi ni Jumamosi, hiyo mbuzi haitangoja." Akaondoka na gamubuti zake.

"Ulimwambia nini?" Parmuat alimuuliza Lemayian.

"Aliniuliza mbona unanunua fahali iko na pembe moja. Nikamweleza kazi yetu. Kwani ni siri?"

Parmuat hakumsikia. Mawazo yake yalikuwa yameshafika Kisaju, yamesimama mbele ya mbuzi.

Jioni hiyohiyo alikwenda agrovet ili amweleze Purity ukweli kabla mambo hayajaharibika zaidi. Aliingia, akavua kofia, akamwamkia kwa Kimaasai.

"Takwenya, Purity."

"Iko," alijibu Purity, na akatabasamu tabasamu ambalo halikuwa la dawa ya kupe.

"Purity, wewe ni wa ukoo gani?" aliuliza, kwa tumaini moja la mwisho, kwamba wangekuwa wa ukoo mmoja na desturi ingewakataza bila yeye kusema kitu.

"Ilaiser. Na wewe ni Ilmolelian, nimeshauliza. Hakuna shida yoyote."

"Hakuna?"

"Hakuna hata kidogo. Shangazi amesema tunafaana sana."

Parmuat alivuta pumzi ili aseme alichokuja kusema. Macho yake yakaenda kwenye rafu. Alitoka pale na dawa ya minyoo ya mbwa. Hana mbwa.

Usiku huo aliumia kweli, tusimcheke kwa sasa. Alijua kwamba kesho akishindwa, Jumamosi wazee wake watavaa shuka nzuri, watakwenda Kisaju, watakula mbuzi wa watu, na yeye atakuwa ameposa msichana mwema asiyempenda, wakati yule anayempenda anamuuzia mbolea maisha yake yote. Aliwakumbuka pia wale wengine waliokwenda zao, na kwa mara ya kwanza wazo la ajabu lilimjia, kwamba huenda hawakuwa wamemkataa. Huenda hawakuwahi kuulizwa.

Jumatano ukumbi ulijaa. Mwalimu Omolo alivaa tai mpya na baiskeli yake ilikuwa imefutwa vumbi. Wanafunzi walisimama mmoja mmoja. Njogu, fundi wa mabomba, alisema anatamani kujua zaidi kuhusu bahari, na Purity alisema amekuwa akijiuliza kama anaweza kusomea udaktari wa mifugo. Kila mmoja alipigiwa makofi. Kisha Mwalimu akamwita mwanafunzi wake bora.

Parmuat alisimama. Nyakio alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono magotini, na Purity kiti cha pembeni kama kawaida. Parmuat alifungua mdomo na mara moja macho yake yakaanza safari. Yalikwenda dirishani. Yalikwenda kwa Njogu. Yalimkaribia Purity, na Purity akajiweka sawa kwenye kiti. Hapo Parmuat alifanya kitu ambacho watu wa Kitengela bado wanakiigiza. Alijishika kidevu kwa mkono wake mwenyewe, kwa nguvu, kama anavyoshikwa ndama anayekataa dawa, akakigeuza kichwa chake kuelekea kwa Nyakio, na akakishikilia hapohapo.

"I am interested," alisema kwa taabu, kwa sababu kidevu kilikuwa kimebanwa, "in you, Nyakio."

Darasa zima liligeuka kumtazama Nyakio.

"Sahihi," alisema Mwalimu Omolo. "Sasa tuongezee muda. Since when?"

"I have been interested in you," alisema Parmuat, jasho likimtiririka, "since the first manure."

"Sahihi kabisa."

"Mwalimu, ngoja," alisema Purity. Alikuwa amesimama, na alikuwa mrefu kweli. "Parmuat, mimi je? Muhula mzima ni Purity, Purity. Purity anapenda nini, familia ya Purity iko wapi. Hiyo yote ilikuwa nini?"

Parmuat aliachilia kidevu. Alimgeukia na kumtazama, na safari hii macho yalikaa. "Purity, nimekukosea," alisema kwa Kiswahili. "Sokoni sisi huuliza ile hatutaki. Nilikuwa naogopa kuuliza ile nataka. Wewe ni mtu mzuri na mimi nilikutumia vibaya. Nisamehe."

"Kwa hivyo mimi nilikuwa ng'ombe ya pembeni."

Hakuna jibu zuri kwa swali kama hilo, na Parmuat alikuwa na akili ya kutosha kutolitafuta. "Ndiyo," alisema.

Purity alimkazia macho mpaka kila mtu akaanza kutazama viatu vyake. Kisha akavuta pumzi, akakaa. "Ukweli ni kwamba shangazi ndiye alipenda sana," alisema. "Mimi nilikuwa nawaza tu kwamba hakuna mtu mwingine amewahi kuuliza kama napenda ng'ombe. Lakini Jumamosi utaenda Kisaju. Utamwambia shangazi hayo yote wewe mwenyewe, na utashika hiyo kidevu yako vilevile."

"Nitaenda."

"Na utabeba mbuzi wako, maana yule wetu sasa hatuchinji."

"Nitabeba."

"Mazungumzo mazuri," alisema Mwalimu Omolo, "lakini tumerudi kwa Kiswahili. Nyakio, tafadhali. Ni zamu yako."

Parmuat aliketi kwenye kiti chake cha mstari wa mbele. Nyakio alisimama polepole. Hakumtazama. Hakumtupia hata jicho la pembeni. Alimpita kana kwamba amepita ukuta, na moyo wa Parmuat ukaanguka mpaka kwenye makubazi yake. Nyakio alitembea mpaka ukutani, chini ya picha ya mchungaji, akasimama mbele ya baiskeli.

"Teacher," alisema, "I am curious about this bicycle."

Mwalimu Omolo aliinuka kama mtu aliyeitwa mbinguni. "Sahihi," alisema.

"I would love to know more about it." Nyakio alichuchumaa. Aliibonyeza tairi kwa kidole gumba. Aliishika kiti, akakitikisa, kama mtu anayekagua nundu. Akainamia mnyororo, akayachungulia meno ya gia moja moja. "I have been wondering how old it is."

Mwalimu alieleza. Alieleza ilikonunuliwa, barabara ilizopita, na pancha iliyoipata huko Oltepesi. Nyakio alitikisa kichwa kwa kila jambo. Akauliza ilikuwa inalala wapi. Akauliza mbona inaonekana ina mawazo. Wanafunzi walitazamana. Njogu alimnong'oneza jirani yake kwamba huyu mama amepatwa na mshtuko, aletewe maji.

Parmuat peke yake hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa ameanza kuelewa tangu tairi, na ukaguzi ulipofika kwenye meno ya gia alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili. Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumzunguka kwa njia ndefu namna hiyo, na hakuwa amejua kwamba ukiwa upande wa pili inafurahisha kiasi hiki.

Maswali yalimwishia Nyakio. Alijipangusa mikono, akamshukuru Mwalimu, akageuza mgongo kama mtu anayekwenda zake kunywa chai. Alipofika mlangoni alisimama. Bila kugeuka vizuri, aliinua kidevu kidogo kuelekea mstari wa mbele.

"Na huyu mwingine?" aliuliza kwa ile sauti yake nene. "Anauzwa, ama amekuja tu kusindikiza baiskeli?"

Dalali yeyote wa Kajiado anajua jibu linalotakiwa hapo. Unatazama mbali, unavuta kimya, unasema huyo hauzwi, huyo ni wa nyumbani, labda turudi kesho tuone.

"Anauzwa," alisema Parmuat.